Jimmy Alapag: gadi wa mita 1.75 mwenye mataji sita ya PBA. Ufundi wake ulikuwa wapi?

GadiMfupi ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Kila nikisoma kuhusu Jimmy Alapag, gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) wa mpira wa kikapu wa Ufilipino, nakutana na sifa zilezile: moyo mkubwa, mpiganaji, nahodha asiyeogopa. Sawa, lakini moyo haufundishiki mazoezini. Mtu wa mita 1.75 kadumu kwenye ligi ya kulipwa zaidi ya miaka kumi, kawa MVP (mchezaji bora wa msimu), kaongoza timu ya taifa hadi Kombe la Dunia. Lazima yapo mambo ya kiufundi yaliyomweka pale.

Wanaoifahamu PBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Ufilipino, wanisaidie. Njia yake ilikuwaje, alipata wapi nafasi ya kutupa mbele ya watu wa mita mbili, na kocha mwenye gadi mfupi achukue nini kutoka kwake? Mkigusia na ulinzi nitashukuru, maana hapo ndipo wafupi wengi wanapopelekwa benchi.

Robo_ya_Nne:

Mkuu, nianze na njia yenyewe. Alapag alizaliwa San Bernardino, California, tarehe 30 Desemba 1977, wazazi Wafilipino. Chuo alichezea Cal State San Bernardino, ambacho ni cha daraja la pili katika mashindano ya vyuo vya Marekani, kwa hiyo jina lake halikuwa kubwa alipoingia drafti ya PBA ya 2003, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya. Talk 'N Text walimchukua akiwa wa 10. Aliyechaguliwa wa kwanza mwaka ule alikuwa gadi mwenzake, Mike Cortez, aliyekwenda Alaska.

Msimu huohuo Alapag akatangazwa chipukizi bora wa ligi, na Talk 'N Text wakabeba All-Filipino Cup mbele ya Coca-Cola. Kocha alikuwa Joel Banal, na ndani alisimama Asi Taulava, MVP wa mwaka ule. Tafadhali usimruke Taulava katika hadithi hii. Gadi mfupi anayeanza kazi akiwa na senta anayeweka skrini nzito (kusimama imara njiani ili kumziba mlinzi wa mwenzake) na kuvuta walinzi wawili anapata shule ambayo wenzake hawaipati.

Mataji yaliyofuata ni Philippine Cup ya 2008–09, kisha 2010–11, 2011–12 na 2012–13 mfululizo, na Commissioner's Cup ya 2011. Jumla sita, yote na timu moja. Msimu wa 2010–11 ndio aliochaguliwa MVP. Mwaka huo walibeba makombe mawili ya kwanza, wakaikosa Grand Slam, yaani makombe yote matatu ya msimu, kwenye mchezo wa saba wa fainali ya Governors' Cup dhidi ya Petron. Mimi nauhesabu kuwa msimu wake bora kabisa, pamoja na kidonda hicho cha mwisho.

Mwanzoni mwa 2015 alistaafu na jezi yake namba 3 ikatundikwa. Baadaye akarudi uwanjani na Meralco Bolts, akafika nao fainali ya Governors' Cup ya 2016, ile aliyoimaliza Justin Brownlee wa Ginebra kwa pointi tatu sekunde za mwisho za mchezo wa sita.

Mdundo24:

Naongezea jambo ambalo asiyeifuata PBA hawezi kuliona kwenye orodha hiyo ya mataji.

PBA ilianza 1975, na timu zake ni za makampuni, si za miji. Msimu hauishii kwenye kombe moja. Umegawanywa katika makombe kadhaa, nayo yanaitwa konferensi. Philippine Cup huchezwa bila mgeni yeyote. Commissioner's Cup na Governors' Cup kila timu huruhusiwa mchezaji mmoja wa kigeni, na urefu wa mgeni huyo hupangwa na ligi kulingana na kombe. Commissioner's Cup ndiko wanakoletwa warefu zaidi.

Sasa hesabu mataji ya Alapag. Matano kati ya sita ni ya makombe yasiyo na wageni. Commissioner's Cup ya 2011, wakiwa na Paul Harris, ndiyo pekee iliyochezwa na mgeni. Sababu yake inaeleweka ukitazama mchezo unavyobadilika. Mgeni akija, mpira unakuwa mikononi mwake muda mrefu, gadi anasogezwa pembeni kusubiri pasi, na chini ya pete panakaa mtu mmoja wa ziada anayeweza kuzuia mitupo. Bila mgeni, gadi ndiye anayeamua kila shambulizi kuanzia mstari wa kati. Ukitaka kuona kazi halisi ya Alapag, tafuta michezo ya Philippine Cup kabla ya mingine yote.

Jingine: PBA huchezwa dakika 48, robo nne za dakika 12. Mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40. Ukilinganisha pointi zake za klabu na za timu ya taifa bila kukumbuka hilo utamwonea.

SkriniJuu:

Nije kwenye nafasi ya kutupa, maana ndiyo kiini cha swali.

Senta wa mita 2.10 akinyoosha mkono bila kuruka anafika kama mita 2.75. Pete iko mita 3.05. Gadi wa mita 1.75 akiingia hadi chini ya pete na kutupa kawaida, mpira wake unapita palepale mkono wa senta ulipo. Ndiyo maana wafupi wengi wanaishia kufungiwa. Alapag aliishi mbali na mkono huo. Silaha yake kubwa ilikuwa mtupo wa pointi tatu akiwa anadunda mpira mwenyewe, ama nyuma ya skrini ya juu, ama kwenye shambulizi la haraka kabla walinzi hawajajipanga.

Skrini ya juu huenda hivi. Mrefu wako anaiweka mita moja hivi nje ya mstari wa pointi tatu, si juu ya mstari. Ikiwekwa kwenye mstari, gadi akitoka upande wa pili ameshaingia ndani na mtupo unakuwa wa pointi mbili, tena mgumu. Gadi anamleta mlinzi wake hadi bega lake liguse kiuno cha mweka skrini. Pakiwa na nafasi ya mtu kupita katikati, skrini imekufa. Akishapita anadunda mara moja, mbili zikizidi, macho kwa mlinzi wa senta.

Hapo kuna mambo manne ya kusoma. Senta wa wapinzani akirudi nyuma kulinda pete, tupa palepale. Akipanda juu kukutega na mwenzake, mpira utoke mapema kwa mweka skrini aliyeteleza hadi usawa wa mstari wa mitupo ya adhabu. Wakibadilishana watu, rudi nyuma hatua mbili umvute senta nje, halafu mkimbie. Mlinzi wako akipita chini ya skrini, hiyo ni zawadi, tupa.

Mtu wa kimo kile hawezi kusubiri aone kilichotokea ndipo aamue. Mrefu ana muda huo kwa sababu anatupa juu ya mikono. Mfupi anatakiwa aanze kuinuka kabla mlinzi hajarudi usawa wake, na kwa Alapag mpira ulikuwa ukiondoka haraka mno.

Pia kumbuka FIBA walisogeza mstari kutoka mita 6.25 hadi 6.75 mwaka 2010, pembeni ukawa 6.60. Magadi kadhaa waliokuwa wakitupa kwa nguvu za mabega walipotea pale. Nusu mita ile inatoka miguuni. Kijana wako akianza kukosa kwa mpira kugonga mbele ya pete kila robo ya nne, usimbadilishe mkono. Miguu imechoka.

UbaoWaKocha:

SkriniJuu umeeleza vizuri, ila nadhani mnampa peke yake sifa ambazo nusu ni za mfumo. Chot Reyes, kocha wa Talk 'N Text na baadaye wa Gilas (timu ya taifa ya Ufilipino), alicheza mfumo wa kuingia kwa kudunda uliobuniwa na Vance Walberg kule California. Wachezaji wanne wanakaa nje, wawili kwenye kona na wawili juu, mrefu mmoja anasimama upande wa pili wa mpira. Njia ya katikati inabaki wazi. Gadi wa kwanza anaingia kwa kasi, walinzi wanajikusanya, mpira unatoka nje.

Na aliyekuwa akiingia kwa kasi zaidi ni Jayson Castro, aliyedraftiwa wa tatu mwaka 2008. FIBA Asia (mashindano ya ubingwa wa Asia) ya 2013 aliyeingia kikosi bora cha mashindano ni Castro. Alapag alifaidi sana mpira uliotoka kwa Castro, mlinzi akiwa bado yuko njiani kurudi. Mtu akimfundisha kijana kumuiga Alapag bila kumpa Castro wa kumvuruga mpinzani, atapata gadi mfupi anayetupa mitupo migumu.

SkriniJuu:

Mkuu, kuhusu Castro sina ubishi, mwaka 2013 ndiye aliyekuwa anaanza na Alapag akitokea benchi. Lakini Castro alifika 2008. Mwaka 2003 Alapag alikuwa chipukizi bora na bingwa bila yeye. Anachostahili kusifiwa ni kwamba aliweza kuacha mpira. MVP wa ligi anakubali kusimama kwenye kona akiwa na miaka 35, anasubiri pasi, na akiipata yuko tayari miguu imeshajipanga. Magadi waliozoea kumiliki mpira hushindwa hapo kwa sababu wanapokea wakiwa wamesimama wima, ndipo wanainama, ndipo wanatupa. Nafasi imeshafungwa.

Robo_ya_Nne:

Na huo ndio msingi wa Gilas ya 2013 na 2014, wacha niieleze maana bila timu ya taifa habari ya Alapag haijakamilika.

Alicheza FIBA Asia ya 2007 kule Tokushima, Ufilipino wakamaliza wa 9. Mwaka 2011 kule Wuhan, chini ya Rajko Toroman, wakaikosa shaba kwa Korea Kusini, 70–68. Korea hao hao ndio walioitoa Ufilipino nusu fainali ya Michezo ya Asia ya 2002 kule Busan, 69–68, kwa mtupo wa mwisho. Kwa hiyo tarehe 10 Agosti 2013, uwanja wa Mall of Asia mjini Pasay, nusu fainali ni Korea tena, na mshindi anakwenda Kombe la Dunia. Marcus Douthit, mrefu mkuu wa Ufilipino, akaumia kipindi cha kwanza. Ufilipino wakashinda 86–79, na mitupo ya pointi tatu ya Alapag dakika za mwisho ndiyo watu wanayoikumbuka hadi leo. Fainali Iran ya Hamed Haddadi ikawafunga 85–71, lakini tiketi ilikuwa mkononi. Ufilipino hawakuwa wamecheza Kombe la Dunia tangu 1978.

Kikosi kile kilikuwa na pointi gadi watatu: Castro, Alapag na LA Tenorio. Wengine walilalamika ni wengi mno. Mimi naona ilikuwa akili. Mfumo wa kuingia kwa kudunda na kukaba uwanja mzima unamchosha gadi haraka, na mara nyingi wawili walikaa uwanjani pamoja ili mmoja akitegwa mwingine apokee.

Kwenye Kombe la Dunia, Sevilla 2014, walifungwa na Kroatia 81–78 muda wa nyongeza, Ugiriki 82–70, Argentina 85–81, Puerto Rico 77–73, kisha wakaifunga Senegali 81–79, nao pia kwa muda wa nyongeza. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza Kombe la Dunia baada ya miaka 40. Mchezo wa Argentina ndio wa kuutazama kwa ajili ya Alapag. Pointi tatu zake ndizo zilizowarudisha mchezoni, na utaona walinzi wa Argentina wakipita chini ya skrini mara kadhaa kabla hawajajirekebisha. Dhidi ya Senegali sifa nyingi ni za June Mar Fajardo, aliyebeba kazi ya ndani baada ya Andray Blatche kutolewa kwa faulo tano.

GadiMfupi:

Shukrani sana wakuu. Naomba kurudi kwenye kutegwa na walinzi wawili baada ya skrini. Kijana mfupi akizibwa na watu wawili warefu haoni kitu. Kocha amwambie nini? Na ulinzi bado hamjaugusa.

SkriniJuu:

Mtego unashinda kwa sababu moja kubwa, gadi kushika mpira kwa mikono miwili akiwa katikati yao. Akishaacha kudunda, wanamsogelea kifua kwa kifua, na pasi pekee iliyobaki ni ya juu, ambayo kwa kimo chake ni ya kunyakuliwa.

Mfundishe hivi. Wale wawili wakianza kufungana, arudi nyuma kwa kudunda mara mbili kwa nguvu, mpira chini ya goti, mwili kati ya mpira na mlinzi wa karibu. Mtego utanyooka na kuacha upenyo. Pasi itoke kwa mkono mmoja, kwa kudunda, kupitia kando ya nyonga ya yule mrefu. Mrefu hushuka taratibu, mikono yake iko juu. Anayepokea asikae nyuma ya mtego, aje usawa wa mstari wa mitupo ya adhabu na akabili pete mara moja. Hapo ni wanne dhidi ya watatu.

Saa ya shambulizi, ile ya sekunde 24, nayo inahusika. Mpira uvuke nusu ndani ya sekunde 8, na skrini ya kwanza iwekwe saa ikiwa haijashuka chini ya 16. Ukianza skrini saa ikisoma 9, mtego mmoja tu unamaliza shambulizi zima.

Zoezi: gadi mmoja, mweka skrini mmoja, walinzi wawili, na mchezaji wa tano kwenye kona. Kocha asimame nyuma ya gadi na kuwaonyesha walinzi kwa vidole: kimoja warudi nyuma, viwili watege, vitatu wabadilishane. Gadi asijue. Mara 10 upande wa kulia, 10 kushoto, hesabuni maamuzi sahihi, si vikapu. Akipata 14 kati ya 20 siku ya kwanza ni mzuri. Msiongeze mitupo hadi maamuzi yafike 17.

UbaoWaKocha:

Ulinzi nichukue mimi.

Gadi mfupi hawezi kumzuia mtu aliyekwisha kuinuka kutupa, kwa hiyo kazi yake yote iko kabla ya hapo. Amkabe mbeba mpira tangu chini ya pete ya upande wa pili, si kwa kuiba, kwa kumgeuza tu. Akimlazimisha kugeuka mara tatu, mpinzani anafika nusu akiwa ametumia sekunde sita au saba kati ya 24. Kosa la vijana ni kunyoosha mkono kuchukua mpira. Wanapata faulo mbili robo ya kwanza, wanakaa.

Kwenye skrini apite juu, amguse mweka skrini kwa mkono wa nyuma na kujibana. Akipita chini anaalika mtupo, na kimo chake hakitoshi kuufikia kwa kurudi.

Wapinzani wakimpeleka mrefu chini amkabili mgongoni, asikubali kusimama nyuma. Asimame mbele ya mrefu, kati yake na mpira, na mwenzake wa upande wa pili asogee tayari kupokea pasi ya juu. Hili lisipozungumzwa kabla ya mchezo halifanyiki, kwa sababu mwenzake huyo anamwacha mtu wake kwenye kona. Kila mmoja ajue nani anasogea na nani anafunga kona.

La mwisho ni kuchukua chaji, yaani kusimama njiani ili anayeingia akugonge na kupewa faulo. Mfupi anafika mapema miguuni mwa mtu anayeingia kuliko mrefu. Lakini visigino viwe nje ya ule upinde wa mita 1.25 chini ya pete. Akisimama ndani yake refa hatampa anayeingia faulo ya chaji, hata akimgonga kifuani.

Mdundo24:

Kwa kumalizia rekodi, maana naona huko nje watu wanazichanganya. Mwaka 2016 Alapag alimpita Allan Caidic kwa mitupo ya pointi tatu katika historia ya PBA. Caidic alikuwa na 1,242, Alapag akaishia 1,250. Septemba 2024 Marcio Lassiter wa San Miguel akaipita. Caidic bado anashikilia pointi 79 katika mchezo mmoja kwa Mfilipino, mwaka 1991, zikiwemo pointi tatu 17, kwa hiyo msimshushe mzee wa watu. Na mwaka 2024 PBA ilianzisha mstari wa pointi nne, futi 27 kutoka kikapu, kama mita 8.2. Takwimu za sasa za mitupo ya mbali zisilinganishwe na za enzi zake moja kwa moja.

Baada ya kuvua jezi akawa kocha. Alab Pilipinas walibeba ubingwa wa ligi ya ASEAN mwaka 2018 chini yake, wakiifunga Mono Vampire ya Thailand kwa michezo 3–2. Kisha akaenda Stockton Kings, timu ya maendeleo ya Sacramento Kings, na baadaye akapanda kuwanoa wachezaji wa Kings wenyewe.

GadiMfupi:

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, wakuu. Zoezi la vidole naanza nalo Jumatatu, na mchezo wa Argentina nitauonyesha kikosi chote, magadi na warefu, ili wanaoweka skrini nao waone walikuwa wakisimama wapi.